Mgongo Usiosindikizwa

Jumatatu asubuhi, mbele ya kioo cha kabati, Mkasi alipeleka mikono nyuma kufunga zipu ya gauni lake la kijani akakuta hakuna cha kufungia. Zipu ilikuwepo na kitambaa kilikuwepo, ila mgongo haukuwepo. Aligeuka, akapinda shingo na kutazama kioo. Kisogo kilikuwa mahali pake, maana msusi alikiangalia kila mwezi. Kuanzia chini ya shingo hadi kiunoni palikuwa patupu, na kupitia uwazi wa zipu aliona bitana ya kifua cha gauni, pamoja na uzi mmoja uliokuwa ukining'inia. Aliukata ule uzi kwa kidole, kisha akaenda sebuleni.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito, simu imeegemezwa kwenye birika mbele yake.

"Mama, hebu nifungie zipu."

Mama alinyoosha mkono bila kuondoa macho kwenye simu, akapapasa. Vidole vilipita moja kwa moja mpaka kwenye bitana.

"Huna mgongo," alisema.

"Naona."

"Tangu lini?"

"Sijui. Ijumaa nilikuwa nao."

"Vaa koti. Nje kuna baridi."

Simu ikalia. Ilikuwa Kitinda, mdogo wake Mkasi, aliyekuwa akiishi mji mwingine na kupiga wakati wowote aliojisikia. Uso wa mama ulichanua pale pale. Mkasi alichukua koti kwenye msumari, akalivaa juu ya zipu iliyo wazi, akasema anaenda. Mama alimwonyesha ishara ya kidole anyamaze, kwa sababu mtoto alikuwa anaongea.

Mkasi halikuwa jina lake. Alipewa ofisini kwa sababu ya kazi yake, na lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa, ambalo nyumbani halikutumika sana. Mama yake alimwita "wewe". Mdogo wake alikuwa na majina mpaka ya kumwaga: Kitinda, kwa kuwa alifunga uzazi, na mama, na roho yangu, na mboni, na mengine ambayo mama aliyatunga palepale simu ikilia. Walikuwa wawili tu, mkubwa na mdogo, na mkubwa ndiye aliyekuwa akiishi na mama, akampikia, akamtia dawa ya macho na kumkata kucha. Hilo halikuwahi kuhitaji jina.

Ofisi aliyofanyia kazi ilitengeneza nyumba za ndani ya kompyuta. Mteja anayetaka nyumba ambayo haijajengwa alivaa miwani minene, akatembea humo vyumba vyote, akachungulia madirishani na kusifia jua. Wenzake Mkasi walisimamisha kuta na kupaka rangi. Yeye alikata. Kila kitu kinachochorwa kinakula nguvu ya kompyuta, na ikizidiwa picha huanza kukwamakwama na mteja akashikwa na kichefuchefu. Kwa hiyo kulikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa sheria yake: jicho lisichokiona hakichorwi. Nyuma ya kabati lililoegemea ukuta, chini ya zulia, ndani ya droo ambayo hakuna atakayeivuta, kote huko Mkasi alipita na kufyeka. Aliwahi kufyeka chumba kizima cha kulala kwa sababu mlango wake ulikuwa umezibwa na friji, na wenye nyumba wakafurahi kwamba picha sasa zinateleza.

Siku hiyo kwenye lifti, mwanaume aliyesimama nyuma yake aliegemeza mkoba wake ndani ya koti la Mkasi, akausahau. Mkasi aliurudisha walipofika ghorofani. Mwanaume alishukuru.

Aliyemweleza jambo lenyewe ni jirani yake wa meza, mpaka rangi, mtu mpole asiye na sikio la kushoto. Sikio lake liliondoka baada ya mkewe kuhama, kwani mke ndiye aliyelala upande ule. Alikwisha kuzoea, na simu aliisikilizia kulia.

"Asubuhi nani anakusindikiza?" alimuuliza.

"Sisindikizwi. Nakuja kazini, siendi vitani."

"Basi ndiyo hivyo. Uso hata polisi atautazama. Mgongo unatazamwa na mtu mmoja tu, yule anayebaki mlangoni mpaka upotee."

"Na asipobaki?"

"Wewe si ndiye mkataji?" mpaka rangi alisema, akarudi kwenye kazi yake, alikuwa akitafuta rangi ya kivuli cha pazia.

Mkasi alikaa akiitazama kompyuta bila kugusa kitu. Alikumbuka mara ya mwisho Kitinda alipokuja. Wakati wa kuondoka, mama alitoka mpaka kizingitini na kanga mabegani, akasimama. Kitinda alishuka njia, akapita duka la vitabu, akapinda kona. Mama aliendelea kusimama. Mkasi alipasha chai, ikapoa, akaipasha tena. Mama aliporudi ndani alikuwa na sura ya mtu aliyeshiba, na chai hakuigusa. Siku ile Mkasi aliona ni mambo ya kizee tu. Leo wivu ulimwinua kitini, akaenda kunywa maji. Alimwonea mdogo wake gere ya kitu ambacho hata mwenyewe Kitinda hakujua kwamba anacho, maana mtu hawezi kujitazama mgongo.

Tangu siku hiyo alianza kuondoka nyumbani polepole. Alisimama mlangoni akajifanya anatafuta ufunguo. Alirudi kuchukua mwavuli, akatoka tena, kwa madaha kidogo, akiwa ameacha mlango wazi nyuma yake makusudi ili asimzuie mtu kuangalia.

"Mama, naenda."

"Haya. Funga mlango, mbu wanaingia."

Akafunga mlango. Aliporudi jioni alipeleka mkono nyuma, akagusa bitana.

Muda wenyewe haukuwa mwingi. Mama alikuwa na presha ya macho, na daktari alikwisha kuwaeleza itakavyokwenda: macho yatafifia kuanzia pembeni kuja katikati, mpaka atabaki anaona kama anayechungulia kwenye bomba, halafu bomba nalo litazibwa. "Vitu vya pembeni ndivyo vitakavyotangulia," daktari alisema. Mkasi alikuwa amekaa pembeni ya mama alipoambiwa hivyo. Alielewa kwamba kama ataangaliwa hata mara moja katika maisha yake, ni sasa, kabla bomba halijazibwa.

Ndipo mama alipoanza kuililia nyumba ya zamani, ile waliyokulia, iliyobomolewa barabara ilipopanuliwa. Alitaka kusimama tena kwenye baraza yake kabla hajaingia gizani.

"Mimi ninatengeneza nyumba, mama," Mkasi alisema.

"Unatengeneza za watu."

"Nitatengeneza yetu."

Aliijenga baada ya saa za kazi, kwa kichwa, kwa kuwa picha zilizobaki zote zilikuwa za Kitinda na nyumba ilionekana pembezoni tu. Hakukata kitu. Alichora nyuma ya makabati na mavumbi yake, alichora chini ya vitanda, alichora kutu ndani ya koki ya bafuni. Alichora ukuta wa uani ambao Kitinda aliuparamia akaanguka, akachanika chini ya shingo na kubaki na kovu refu kama kidole, naye Mkasi akachapwa kwa kutomdaka. Akalichora hata jiwe lililomchana. Mpaka rangi alimsaidia rangi ya mlango bila kuuliza maswali, ila alimtania kwamba nyumba hii itaiua kompyuta.

Halafu akaongeza watoto. Ofisini walikuwa na desturi ya kuweka watu wa mapambo ndani ya nyumba, ili mteja asijione yuko peke yake. Mkasi aliweka wasichana wawili wa shule wakitoka barazani na kushuka njia hadi getini, mmoja mdogo mwenye soksi nyeupe, mmoja mkubwa nyuma yake kidogo, amebeba mkoba wa mdogo begani. Hivyo ndivyo walivyoondoka kila asubuhi ya utoto wao. Mama alisimama barazani akiwatazama mpaka getini, na Mkasi wa wakati huo, akijua anatazamwa, alitembea vizuri, mabega nyuma, bila kujikwaa, bila kulalamika kwamba mkoba ni mzito. Huo ndio uliokuwa mtaji wake wa maisha yote. Mengine ya mama alikubali kuyakosa, ila katika kule kutazamwa kwa asubuhi alijua nusu ni yake.

Migongo yao wote wawili aliichora kwa uangalifu mkubwa, mshono kwa mshono.

Jumamosi mchana alimvisha mama miwani pale sebuleni, akamshika kiwiko. Mama alitembea kwenye nyumba yake. Aligusa hewa palipokuwa na meza, akacheka, akamkaripia mtu kwa kuacha koki ikidondosha. Alipofika barazani alisimama. Wasichana walikuwa wanatoka. Shingo ya mama iligeuka taratibu kuifuata njia, kidevu kikainuka walipopita geti, na hata walipokwisha kupotea mama hakusogea. Alikuwa na ile sura ya kushiba. Mkasi alifurahi. Aliingiza mkono chini ya koti, akapapasa. Bado bitana. Akajiambia labda huchukua muda.

Miwani ile ilikuwa inaweka kumbukumbu ya jicho. Popote mteja alipotazama, kompyuta ilipapaka njano, ili mkataji ajue nini cha kuacha. Mama alipolala usingizi wa mchana, Mkasi aliifungua kazi. Palikuwa na njano kwenye meza, njano kwenye koki, njano kidogo kwenye kitanda cha Kitinda. Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya kila mteja anapomaliza kutembea: ukabofya kata, ukabofya hifadhi. Alifanya bila kuwaza, na bila kuacha nakala. Alipoinua macho kazi ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Barazani palionekana vizuri sana. Msichana mdogo alitoka, mgongo wake wa njano umekolea hadi kuelekea rangi ya chungwa, kwa jinsi ulivyotazamwa. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mkoba peke yake, nao una njano, ukielea hewani kwa kimo cha bega la mtoto, ukiyumba kidogo kila hatua, mpaka getini.

Mkasi aliurudisha mwendo mwanzo akautazama tena. Mkoba ulikuwa wa Kitinda, ndiyo maana ulibaki.

Hakulia. Alikasirika, na hasira ilikuwa na ladha ya chuma mdomoni. Kwa miaka yote ile alitembea vizuri mbele ya mtu aliyekuwa anaangalia mkoba. Alimchukia mdogo wake kwa soksi zake nyeupe, alimchukia kwa kupinda kona taratibu, alimchukia hata kwa kovu, kwa vile lilikuwa la kwake na kipigo kilikuwa cha mwingine. Akamchora yule msichana mkubwa upya kuanzia nywele mpaka viatu. Kisha akamgeukia mdogo.

Katika kazi yao kila uso wa kitu una upande mmoja tu wa kuonekana. Ukiutazama kwa nyuma, kompyuta haioni sababu ya kuuchora. Wanafunzi hukosea mara nyingi, wakageuza nyuso za ukuta na kushangaa ukuta umeenda wapi. Mkasi hakukosea. Alimchagua Kitinda mzima, akabofya mara moja, akamgeuza nyuso zote zitazame ndani. Kitinda akatoweka. Njiani alibaki msichana mmoja mwenye mkoba begani, hana wa kumziba.

Jumapili alimvisha mama miwani tena.

Mama alifika barazani, akatulia. Kidevu kikaanza kuifuata njia.

"Leo kavaa zile soksi," mama alisema.

"Nani?"

"Kitinda. Moja imeshuka. Kila siku namwambia apandishe."

Mkasi alitazama kwenye kompyuta. Kwenye njia palikuwa na msichana mmoja, na hakuwa Kitinda.

"Yuko peke yake, mama?"

"Awe na nani?"

"Yule anayembebea mkoba."

Mama alikunja uso ndani ya miwani, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akatafuta kwa nia njema kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Mtu akimwomba atafute kitu, alikitafuta.

"Mkoba nauona," alisema.

Baadaye Mkasi alifungua kumbukumbu ya jicho. Msichana mkubwa hakuwa na doa. Hatua mbili mbele yake, mahali ambapo hapakuchorwa kitu, njano ilikuwa imeganda hewani kwa umbo la mtoto, ikiwa na soksi, moja imeshuka. Mkasi hakuwa ameichora soksi iliyoshuka. Safari hii hakukata wala hakuhifadhi, alifunga tu kompyuta.

"Jicho limeona kitu ambacho hakikuchorwa," alimwambia mpaka rangi kesho yake.

"Hutokea."

"Programu imeharibika?"

"Hapana. Hutokea kwa kina mama," mpaka rangi alisema, akamsogezea kiti chake chenye mto wa nyuma, ili koti lipate pa kuegemea.

Kitinda alikuja mwishoni mwa mwezi, daktari aliposema bomba limebaki jembamba. Alikuja na mizigo mingi na manukato, akamkumbatia dada yake, na mikono yake ikazama ndani ya koti mpaka ikakutana na kifua kwa ndani.

"Dada, mgongo umeupeleka wapi?"

"Haupo."

"Jamani. Pole. Inauma?"

"Wakati wa kulala tu. Sijui nilale vipi."

Kitinda alifikiri. Alikuwa na moyo mwema, jambo ambalo kwa Mkasi liliongeza chumvi kwenye kidonda, kwani mtu mwenye roho mbaya angalau unamchukia ukiwa na raha. "Niwe nakutazama mimi," Kitinda alisema. "Ukienda dukani nitasimama mlangoni. Si ndivyo inavyofanyika?"

"Sitaki masalio."

"Masalio gani tena, dada?"

"Wewe kaa na mama."

Siku zote za ugeni Mkasi alikuwa akimchunguza mdogo wake kwa nyuma. Hakuweza kujizuia. Kitinda akiosha vyombo, Mkasi alisimama na taulo akiutazama ule mgongo. Ulikuwa kamili, wa kung'aa, kila kifundo mahali pake, na lile kovu chini ya shingo limelala vizuri kama limetiwa pasi. Ulikuwa mgongo uliotazamwa maisha yake yote. Na mwenyewe aliutumia ovyo tu, akiuegemeza kwenye milango na kuukuna kwa kijiko. Mama alikaa anapoweza kumwelekea. Kitinda akihama kiti, kiti cha mama kilihama. Kama Mkasi alikuwa nyuma ya Kitinda, basi alikuwa hayupo, na birika lilimimina chai lenyewe.

"Chai imekolea," mama alisema. "Ahsante, mama."

"Kapika dada," Kitinda alisema.

"Mikono yako mitamu tangu utotoni," mama alimjibu Kitinda, akanywa.

Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya kazi. Mkasi alikuwa amevaa gauni la kijani, zipu wazi, na koti lilikuwa bado kwenye kamba ya nguo kwa sababu Kitinda alilifua kwa ukarimu bila kuombwa, na halijakauka. Mama alitaka kusindikiza. Hakuweza kusimama vizuri peke yake tena, hivyo Mkasi alimshika kwa nyuma, chini ya makwapa, na hivyo wote wawili wakasimama kizingitini, mmoja anatazama na mwingine ameshikilia mtazamaji.

Kitinda alishuka njia. Akapita duka la vitabu. Mkasi naye alikuwa anautazama ule mgongo, kwa kuwa kutoka pale hakukuwa na kingine cha kutazama. Kitinda akafika kwenye kona, akapunga, akapinda.

"Ameshaenda, mama."

"Bado namwona."

"Amepinda kona."

"Nimesema namwona. Niache nisimame."

Mkasi alimwegemeza mama kwenye fremu ya mlango, akamwekea fimbo mkononi, akahakikisha hataanguka. Jirani wa upande wa pili angekuja baada ya muda mfupi kukaa naye, kama kila siku. Mkasi alikuwa amechelewa. Alichukua mkoba wake, akapita mbele ya mama, akashuka njia ileile.

Mwanzo alitembea haraka. Kisha, alipofika karibu na duka la vitabu, aliona kwamba yuko katikati kabisa ya lile bomba. Macho ya mama yalikuwa bado yameelekea huku, na hakukuwa na mtu mbele yake wa kumziba. Hakugeuka. Alirudisha mabega nyuma. Alipunguza mwendo. Aliinua kisigino, akakishusha, kama mtoto aliyebeba mkoba wa mtu na hataki kujikwaa. Upepo wa asubuhi ulikuwa ukiingia kupitia zipu na kumpiga kifua kwa ndani, halafu ghafla haukuingia tena. Kitu cha moto kilishuka kutoka shingoni hadi kiunoni, polepole, kwa upana wote.

Nyuma yake mama alipaza sauti.

"Taratibu, Kitinda! Taratibu, roho yangu, njia ina mawe!"

Mkasi alisimama kidogo. Angeweza kugeuka aseme ni mimi. Aliona hilo waziwazi, na aliona pia kitakachofuata akigeuka: mama angeitazama sura yake, na asingekuwa na sababu ya kuendelea kusimama. Akapunga mkono bila kugeuka, jinsi mdogo wake anavyopunga, kwa vidole tu. Akapinda kona.

Kwenye lifti mtu wa nyuma aliacha nafasi. Ofisini aliingia chooni, akapeleka mikono nyuma, akafunga zipu. Ilipanda kwa tabu kidogo mpaka juu ikakaa. Alipeleka vidole juu ya zipu, chini ya shingo, akakuta kovu refu kama kidole, limelala vizuri.

Alienda kwenye meza yake. Mpaka rangi, ambaye macho yake hayakosi kitu, alimtazama akipita.

"Umepata mgongo."

"Nimepata."

"Hongera. Na hilo kovu?"

"La mdogo wangu. Wote ni wa mdogo wangu."

Mpaka rangi aliutazama tena, kikazi, kichwa kikiwa upande. "Rangi zimeachana kidogo hapa begani," alisema. "Ila kwa mbali hakuna atakayejua. Unakutosha?"

"Unabana kwenye mabega," Mkasi alisema, akavuta kiti, akaegemea, akawasha kompyuta.